Pini Tisa za Lori la Mama Khaemba

Jumamosi, jioni. Hapa Tuwan, mtaani kwangu, kumenyesha tangu nilipofika, mvua ya polepole isiyo na haraka ya kwisha. Nimevua viatu vyenye matope mlangoni, nimechemsha chai, na mikono yangu bado inanuka plastiki ya waya. Nimechoka, lakini ni ule uchovu ambao mtu hataki kulala nao kabla hajauandika.

Leo nimemwona fundi.

Nasema hivyo mimi ambaye pia ni fundi. Kwa wale mnaopita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Wambui, natengeneza umeme wa malori makubwa katika gereji moja hapa Kitale. Taa, sensa za kuhisi joto na presha, kompyuta za magari, waya zinazokatika mahali pasipoonekana. Ni kazi ninayoipenda. Wiki hii karibu inishinde.

Lori lenyewe ni la Mama Khaemba, mfanyabiashara wa mbegu na mbolea kutoka Bungoma. Ni lile la pua ndefu, la Kimarekani, alilolinunua likiwa limetumika Afrika Kusini. Dereva wake ni Mzee Ndiema, mtu wa Mlima Elgon, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ameendesha malori tangu mimi niko shule ya msingi.

Mzee Ndiema alikuwa amekataa kuliendesha.

Alichokuwa akisema ni hiki: lori likiwa barabarani, ghafla mishale yote ya dashibodi inalala. Mwendo, joto, presha ya mafuta, yote inaanguka sifuri kwa pamoja. Pedali ya mafuta inakufa chini ya mguu. Gia inajiachia yenyewe. Injini haizimi, inabaki tu ikinguruma kama imepumzika, na lori linateremka kwa uzito wake. Halafu baada ya muda mfupi kila kitu kinarudi, kama hakuna kilichotokea.

Mara ya mwisho ilimpata kwenye mteremko wa Kamukuywa, akiwa na shehena kamili nyuma, na watu wakivuka daraja. "Nilibaki na breki na honi tu," aliniambia. "Nikapiga honi mpaka daraja likaisha." Alipofika Webuye aliegesha, akashuka, akampigia Mama Khaemba simu na kumwambia hatapanda tena mpaka ugonjwa upatikane.

Shida ni kwamba hakuna mwingine aliyeuona ugonjwa huo. Dereva mwingine alitumwa kulichukua. Akalileta hadi kwetu Kitale bila tatizo lolote, akasema lori ni zima. Watu wakaanza kusema mzee anasinzia kwenye usukani, kwamba macho yamechoka, umri umefika. Mama Khaemba naye akaanza kuamini. Akaniambia nilipime, na kwamba Jumamosi angekuja na dereva mpya.

Nikalipima.

Hapa lazima nieleze kidogo, na nitajaribu nisiwachoshe. Chini ya dashibodi ya malori ya aina hii kuna soketi ya duara yenye pini tisa. Hapo ndipo tunapochomeka mashine ya kuzungumza na lori. Kila pini ina herufi yake, A, B, C na kuendelea, lakini herufi I wameiruka ili fundi asiifananishe na namba moja. A ni ya chini, yaani bodi. B inaleta umeme wa betri. C na D ndizo zenye mazungumzo: waya ya njano na waya ya kijani, zimesokotwa pamoja kama nywele, na kupitia hizo mbili kompyuta zote za lori zinapashana habari. Injini inaiambia gia, gia inaiambia dashibodi, breki inawaambia wote.

Soketi hizi ziko za aina mbili. Za zamani ni nyeusi, na mpya, zenye mawasiliano ya kasi zaidi, ni za kijani. Kebo ya kijani inaingia kwenye zote mbili. Kebo nyeusi haiingii kwenye soketi ya kijani hata ukilazimisha, kwa sababu umbo lenyewe linakataa. Kila ninapochomeka huwa natabasamu. Kuna mtu mahali fulani alikaa akamfikiria fundi aliyechoka, ambaye hajasoma kitabu cha maelekezo, akamwekea kizuizi ili asiharibu. Hajawahi kuniona na hatawahi, lakini amenishika mkono.

Basi nilichomeka. Mashine ikaniletea malalamiko mengi kwa mpigo, kila kompyuta ikisema iliwapoteza wenzake. Nikapima kati ya C na D, betri ikiwa imetolewa, nikapata omu sitini za ukinzani, ambazo ndizo zinazotakiwa. Waya ni nzima, nikajiambia. Kama waya ni nzima, basi mwenye kosa ni kompyuta kubwa ya injini. Nikamwambia Mama Khaemba hivyo kwenye simu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Mzee Ndiema, aliyelifuata lori hadi kwetu kwa matatu, alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Nilipokata simu akaniuliza polepole, "Wambui, ukishaweka hiyo kompyuta mpya, wewe utapanda na mimi tuteremke Kamukuywa?"

Nikaanza kukunja kebo ya mashine.

Nilijua jibu, na halikuwa zuri. Nisingepanda. Ndani yangu kuna mahali palikuwa pananiambia sijauona ugonjwa, nimeona tu dalili zake nikachagua wa kumlaumu.

Kuna Madam Nasimiyu, mwalimu wa umeme wa magari katika chuo kimoja cha ufundi Bungoma. Tuko naye katika kundi moja la mafundi kwenye simu. Naye ndiye yule anayesahihisha kila mtu. Ukiandika kitu, anakuuliza: ulipima wapi, betri ikiwa ndani au nje, swichi imewashwa au imezimwa? Mimi nilikuwa namwona mjuaji. Mara nyingine nikiona jina lake nilikuwa nageuza simu kifudifudi mezani.

Jana mchana nilimpigia. Nilitembea kwanza mpaka nyuma ya gereji ili wenzangu wasisikie.

Nilitegemea mhadhara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo dereva yuko?" Nikasema yuko. "Basi usiguse kitu. Mwambie asiende mahali. Nakuja kesho asubuhi."

Na kweli akaja. Mwanamke mnene, mcheko mkubwa, gambuti za mpira miguuni, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama anaenda harusini. Akasalimia kila mtu hadi mlinzi. Akaomba chai. Mama Khaemba alikuwa ameshafika na yule dereva mpya, anatembea huku na huku na funguo mkononi. "Si mlisema ni kompyuta?" akauliza. "Sasa huyu amekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kusikiliza, Mama," Nasimiyu akasema, na akamgeukia Mzee Ndiema. "Baba, panda kwa kiti chako. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini? Sasa hivi haifanyi."

"Nionyeshe mikono yako. Siku ile ya Kamukuywa. Mguu ulikuwa wapi, mkono ulikuwa wapi. Pole pole tu, hakuna mtu anatukimbiza."

Mzee alipanda. Akakaa. Mwanzoni aliona aibu, kama mtu anayeambiwa aigize. Halafu akafumba macho na mikono yake ikaanza kukumbuka yenyewe. Mguu kwenye breki. Kichwa kikachungulia kama anatafuta daraja. Mikono ikazungusha usukani kulia.

"Hapo," Nasimiyu akasema. "Ulikuwa umekata kulia?"

"Kulia, ndiyo. Kuna kona kabla ya daraja."

"Na mara zile zingine?"

Mzee akafikiri. Niliona uso wake ukibadilika. "Ile ya Kiminini... nilikuwa nakwepa punda. Nikakata kulia sana, na kuna shimo." Akamtazama. "Madam, zote zilikuwa kulia. Kulia na kutikisika. Ati mimi mwenyewe sijawahi kuliona hilo."

"Kuliona ilikuwa kazi yetu," Nasimiyu akasema. "Wewe kazi yako ilikuwa kutoua watu, na umeifanya."

Mama Khaemba aliacha kutembea.

Nasimiyu hakuchukua mita yangu. Nilidhani ataichukua. Aliniambia nitoe betri, kisha nipime kati ya C na A, waya ya mazungumzo na bodi, mita ikiwa kwenye ule mpango wa kulia waya zikigusana. "Usiniangalie mimi, Wambui. Angalia mita." Nikapiga magoti kwenye sakafu ya lori, ncha moja kwenye C, nyingine kwenye A. Kimya. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu C haipaswi kugusa bodi kamwe.

"Baba, kata kulia. Mpaka mwisho." Mzee akakata. Nasimiyu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, akaupiga mlango teke kwa gambuti lake.

Mita ikalia. Pii! Ikanyamaza. Akapiga tena. Pii!

Sijui kama naweza kuwaelezea mlio huo ulinifanya nini. Nilikuwa nimepima lori lililolala, kwenye sakafu tambarare ya gereji, usukani umetulia, nikapata jibu sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Tulifungua plastiki ya chini ya dashibodi. Nyuma ya soketi mtu alikuwa ameunganisha traka, kile kijisanduku kinachomwonyesha mwenye gari liko wapi. Alikuwa ametoboa waya ya njano na ya kijani, akaunganishia waya zake mbili nyembamba nyekundu, hazijasokotwa, akazifunga kwa tepu na kuzipitisha juu ya chuma kinachozunguka pamoja na mti wa usukani. Kila usukani ulipokatwa kulia, chuma kilikuwa kinazisugua. Tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto. Shaba ilikuwa inang'aa pale kama jino. Lori likitikisika, shaba inagusa chuma, na mazungumzo ya kompyuta zote yanakufa kwa wakati mmoja. Huyu hasikii, yule haoni. Gia inajiachia kwa kuogopa.

Nilimulika kwa tochi ili Mama Khaemba aone. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Hiyo traka," akasema, "ni mimi nilisema iwekwe."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Akasema mwenyewe. "Nilikuwa nataka kujua kama wanasema ukweli wakiwa njiani."

Mzee Ndiema alishuka, akajipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Mtu mwingine angemkumbusha Mama maneno yake, na angekuwa na haki.

Kazi yenyewe niliifanya mimi. Nasimiyu alishika tochi. Alinifundisha bila kuonekana anafundisha: kwamba ule msokoto wa njano na kijani si urembo, kwamba kelele ya umeme ikitoka nje inazipiga zote mbili sawasawa na hivyo haizidanganyi, na kwamba ukiufungua msokoto zaidi ya upana wa kidole unakuwa umefungua mlango. Tukaondoa kipande cha njano na kijani kilichotobolewa, tukaweka kipya chenye rangi zilezile ili fundi atakayekuja baada yetu asipotee. Tukakifungia mbali na usukani. Traka tukaiachia umeme wake tu, kupitia fyuzi yake yenyewe, bila kuiacha iguse mazungumzo ya watu.

Tulipomaliza nikarudisha betri na kuchomeka mashine. Kompyuta zikaanza kujitokeza kwenye kioo moja baada ya nyingine: injini, gia, breki, dashibodi. Ilikuwa kama darasa linaloitwa majina asubuhi na kila mtoto anasema yupo.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimheshimu Mama Khaemba pia. Dereva mpya alikuwa bado amesimama pale anasubiri. Mama akamwita kando, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamwambia aende. Kisha akampa Mzee Ndiema funguo, akashika chuma cha mlango na kupanda kiti cha abiria, na gauni lake la heshima.

"Mama, shehena iko nyuma," Mzee akasema. "Ungeenda na gari dogo."

"Naenda na hili. Washa."

Mimi na Nasimiyu tukapanda nyuma yao, kwenye kile kitanda cha dereva, tukakaa kama wasichana wa bweni. Kitale hadi Kiminini tulikuwa tunaongea. Nasimiyu alisimulia wanafunzi wake, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Lakini tulipokaribia Kamukuywa mazungumzo yalikatika bila mtu kuyakata.

Barabara ilianza kushuka. Niliona mgongo wa Mzee ukinyooka. Mama Khaemba alishika mkanda wake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa natazama mishale tu. Kona ikaja. Mikono ya Mzee ikazungusha usukani kulia, polepole, na gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, na kiti kikaturusha.

Mishale ikabaki juu.

Injini ikaendelea kutushikilia, ikinguruma vizuri, gia ikikaza. Tukavuka daraja nyuma ya mwanamke aliyebeba ndizi kichwani, ambaye hata hakugeuka kututazama. Upande wa pili, tukipanda, Mzee Ndiema akaanza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani kwao. Sidhani alijua kwamba anaimba.

Tulifika karibu na Misikhu ndipo Mama Khaemba akazungumza, akitazama mbele.

"Baba Ndiema. Nilisema unasinzia."

"Ulisema, Mama."

"Niliwaambia na watu."

"Nilisikia."

"Nisamehe. Na hao watu nitawaambia tena, mimi mwenyewe."

Mzee alipisha gari dogo lililokuwa na haraka. "Yameisha," akasema. Kisha, "Lakini hiyo traka iache, Mama. Uwe unaniona vile naendesha vizuri." Nasimiyu ndiye aliyeanza kucheka, halafu sote, na Mama Khaemba alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Bungoma tulimshusha Nasimiyu karibu na chuo chake. Nilishuka naye kumshukuru. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoroka. Nikamwambia tu kwamba nilikuwa namwona mjuaji.

"Najua," akasema. "Hata mume wangu ananiona hivyo." Halafu akawa na uso wa kazi. "Jumanne nina darasa la mwaka wa mwisho. Njoo uwaambie. Vile ulipima, vile ukaamua ni kompyuta, halafu vile ulipiga simu."

"Ya simu pia?"

"Hiyo ya simu ndiyo naitaka, bana. Kupima nimewafundisha. Kupiga simu imenishinda."

Akaingia getini na gambuti zake, akisalimia watu.

Sasa niko hapa nyumbani, nimerudi kwa matatu, na chai imepoa. Nawaza watu wale ambao sitawajua, waliokaa mahali wakakubaliana kwamba C iwe C kwenye kila lori, iwe limeundwa wapi, liende wapi. Bila makubaliano yao, mimi na Nasimiyu tungekuwa tunapapasa gizani leo. Lakini pia makubaliano yao yote yalikuwa pale kwenye soketi wiki nzima, na hayakutosha mpaka mtu alipomwambia mzee mmoja apande kiti chake aonyeshe mikono.

Nitasema nini Jumanne? Mbele ya watu sijawahi kusimama ila kutoa shukrani kanisani. Kusema mbele ya vijana kwamba nilitangaza ugonjwa ambao haukuwepo, kwa sauti ile ya uhakika, si jambo dogo kwangu.

Nimemwandikia Nasimiyu kwamba nitakuja. Nimeuliza kama naweza kuja na mtu. Hajauliza ni nani, amesema tu viti vipo.

Kesho baada ya ibada nitampigia Mzee Ndiema, nimwombe aje azungumze kabla yangu.